Mshono Laini wa Odile

Odile Fontenette alichomelea mshono wake wa kwanza wa tangi la roketi Jumatatu, tarehe 11 Machi 1996, katika karakana moja mashariki mwa New Orleans. Miaka ishirini na ushei baadaye hapakuwa na mkono ulioaminiwa kama wake. Ilipoanza kuundwa roketi mpya, ya kubeba shehena nzito kuliko roketi zote zilizotangulia, alikabidhiwa tangi la haidrojeni, refu kama jengo la ghorofa kumi na mbili.

Kazi yenyewe haina moto. Pini nene huzungushwa kwa kasi pale mabati mawili ya alumini yanapokutana, ikiyasugua mpaka yanalainika na kukorogana kuwa kitu kimoja. Pini ya zamani ilikuwa na mikato. Iliacha makovu kama magamba ya samaki, na kuyapiga msasa kulikula wiki nzima. Odile ndiye aliyeomba pini laini. Vipande vya majaribio vikafaulu, mhandisi Mira Halvorsen akaidhinisha, na mishono ikaanza kutoka inang'aa kama kioo. Wageni wakiletwa karakanani, walionyeshwa hiyo kwanza.

Matangi matatu yalikamilika kwa pini hiyo. La nne lilijengwa ili livunjwe, maana wasanifu hawajui ukomo wa chombo mpaka wakione kikipasuka. Desturi ya mafundi siku hiyo ni kila mtu kuchora chaki pale anapodhani litaachia. Atakayekosea kuliko wote huwanunulia wenzake chaza.

"Curtis, toa chaki yako kwenye mshono wangu," Odile alimwambia fundi mwenzake.

"Dada, mshono wako mzuri mno. Na mimi wazuri wameshanitenda."

"Waliokutenda walikuwa na macho."

Kikosi kizima kikacheka, ingawa kila mmoja alijua kinachongojwa. Tangi likipasuka kabla ya kufikia mzigo uliopangwa, yale matatu ni vyuma chakavu, na wao hawana kazi.

Walitazama kwenye runinga ya chumba cha pili. Jeki zilisukuma, tangi likalia, likanyamaza, likalia tena. Mshindo ulipokuja, kikombe cha Odile kilimwagika mezani. Mzigo ulikuwa bado mbali na alama. Mshono wa chini ulikuwa umefunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, umenyooka kama uliokatwa kwa wembe.

Curtis hakudai chaza.

Halvorsen aliwaita jioni, mkononi ana kipande cha ule mshono. "Pini imekoroga juu tu, chini haikufika. Tulipima vipande vyembamba. Bati la tangi ni nene."

"Mimi niliuona unang'aa," alisema Odile. "Nikajua umeshika."

"Sahihi ni yangu, Odile."

"Na ombi ni langu."

Curtis alitazama viatu vyake.

Ijumaa watu thelathini walirudisha vitambulisho langoni, Curtis akiwa wa pili. Hakumuaga Odile.

Odile amebakizwa, kwa sababu ndiye anayejua kila mshono ulikopita. Jumatatu asubuhi anaanza kuyakata yale matatu.