Pua ya Muuza Manukato

Asubuhi ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile Bi Maryam wa Karen aliporudisha chupa ya mafuta ya waridi niliyomchanganyia kwa harusi ya bintiye. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika duka la manukato la ami yangu, Ami Abdalla, hapa hapa katikati ya Nairobi. Kazi yetu ni pua. Anayechanganya hunusa kwanza, akiridhika ndipo mteja hupewa.

"Salim, hebu nusa," alisema Bi Maryam. "Nguo zote za bibi harusi zanuka."

Nikanusa. Nikamwambia ni waridi safi. Ami akaichukua chupa, akaisogeza puani mara moja tu, akakunja uso. Mafuta yalikuwa yamechacha. Alimwomba radhi Bi Maryam, akamchanganyia mengine kwa mkono wake, kisha akanipeleka nyuma ya duka. Akaniwekea vichupa vitatu: cha asmini, cha udi, na kimoja cha maji matupu.

"Fumba macho. Nambie maji ni yapi."

Nilibahatisha, nikaangukia asmini.

Nikwambie nilichokuwa nikificha. Nilikuwa mvutaji sigara. Nilizivutia kichochoroni, halafu najipaka udi wa dukani kufunika harufu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nami pua yangu ilikuwa ikienda kidogo kidogo; bandu bandu huisha gogo.

"Ami, navuta zile laiti, sigara nyepesi," nilijitetea. "Hazina makali."

"Mwezi mzima wa Ramadhani wakaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila hizo laiti zako, na hufi," alisema. "Usinambie huwezi. Hutachanganya kitu hapa mpaka pua irudi. Isiporudi, tafuta kazi nyingine."

Yaliniuma, kwa sababu kazi nyingine sikuijua wala sikuitaka.

Nikaenda zahanati moja kule Upper Hill. Muuguzi aliishika sigara yangu penye mwanga wa dirisha, akanionyesha vitundu vidogo vilivyozunguka kichungi. Vitundu hivyo huingiza hewa, ndiyo maana mashine ikiupima moshi huuona mwepesi. Mvutaji naye huviziba kwa vidole na midomo, tena huvuta kwa nguvu zaidi. Na kichungi chenyewe, nilichodhani ni pamba, ni plastiki. Miaka yote hiyo natupa plastiki mtaroni, najiona mstaarabu! Akanieleza pia kwamba hamu ikija hukaa dakika chache tu. Ukiipa mikono kazi, hupita. Basi nikawa nafuta vioo. Hakuna duka jijini lililong'aa kama letu. Wiki ya kwanza niligombana na kila mtu, hata muuza kahawa aliyekuwa mpole kuliko sote. Mazoea yana taabu. Nilianguka mara mbili, nikaanza upya.

Pua ilirudi polepole, wala si yote. Harufu ya kwanza kunijia sawasawa ilikuwa ya koti langu mwenyewe, lililokuwa limetundikwa mlangoni: majivu na udi pamoja. Niliona haya sana. Kumbe Ami alikuwa akiivumilia harufu ile siku zote.

Sasa jana, mwanangu, ulipita hapa dukani ukitoka Waithaka. Ukasema, "Niaje mzee," ukanikumbatia, nami nikasikia stroberi kwenye jaketi lako. Nazijua zile sigara za umeme. Sikukwambia kitu mbele ya wateja. Leo nakwambia: acha. Nyingi zina nikotini ile ile, hata zikivishwa tunda. Usijifariji kwa jina jepesi kama nilivyofanya mimi. Usifiche, mwambie mtu mmoja unayemheshimu, umpe ruhusa ya kukukaripia. Na ukianguka, anza tena siku hiyo hiyo.

Mungu akupe kifua kizima na pumzi ya kufikia umri wangu. Na ukija tena nitakukumbatia zaidi ya jana, maana pua ninayo.