Mtama Chini ya Tonton

Nianze na aibu yenyewe, kwa sababu nusu ya Kisangani mnaijua tayari na kila mmoja ameshatia chumvi yake: ndiyo, mama mkwe wa mwanangu alilowa makalio sebuleni kwangu, mbele ya ukoo wake. Sasa nyamazeni niwaeleze, maana wanaosimulia huko sokoni hawakuwepo.

Mwanangu Trésor anamwoa Kavira, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, na kwao harusi bila kasiksi, ile pombe yao ya ndizi inayotiwa unga wa mtama ulioota, si harusi. Mama Kavira (anauza vitenge kwa jumla, na sauti yake inafika sokoni kabla yake) akaniambia kwa upole, ule upole unaouma:

“Mama Trésor, usijisumbue. Kasiksi tutaleta shiye. Nyiye batu ya mayi, munajua samaki tu.”

Watu wa maji! Ni kweli nimezaliwa Yanonge, kando ya mto, lakini dharau hiyo sikuimeza, nikajibu hapohapo kwamba kasiksi nitaitengeneza mwenyewe, na kimea nitakiotesha mwenyewe. Trésor alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kuanzia hapo nikishindwa mwanangu angeingia kwa wakwe zake na mama wa kuchekwa.

Basi nikanunua mtama, nikaulowesha, ukatoa vimizizi vyeupe, vizuri kabisa, mpaka nikawaita majirani waje kuona (kosa lingine hilo). Halafu ikaja mvua yetu isiyojua kupumzika, na nikaamua jambo dogo tu, ambalo hata wewe ungeliamua: nikautia mtama kwenye gunia, nikalifunga kamba, nikalisukuma ndani ya kochi, chini ya mito, pale fundi alipoacha uwazi kwenye mbao. Si ndivyo tunavyofanya na muhogo? Tangu utoto nimelowesha muhogo mtoni, unaufunika, unauacha uchachuke wenyewe, na ukiupekua-pekua utagombezwa. Nani aliniambia kwamba mtama unaoota unataka kutandazwa na kugeuzwa upumue, la sivyo kwa joto letu hili unajipika?

Ikafika siku wakwe walipokuja kuona nyumba binti yao atakayoingia. Msemaji wetu alikuwa Tonton Simon, mjomba aliyenilea baada ya baba kufa, mzee anayejiheshimu mpaka soksi anazipiga pasi. Alikaa kwenye kochi tangu asubuhi akijifunza hotuba yake.

“Mais, hii fauteuil iko na moto,” alilalamika.

Nikamwambia ni malaria.

Wageni walipoingia, Tonton akasimama kwa heshima zote, akamkaribisha Mama Kavira palepale alipotoka. Mama wa watu hakukaa sana. Aliruka, akajishika nyuma, kitenge kipya kimelowa, tena maji ya moto, na harufu kali ya uchachu ikapanda sebule nzima. Akatazama kochi, kisha akamtazama Tonton, na sote tukamtazama Tonton.

“Papa,” akasema polepole, “uko mugonjwa?”

“Miye?” Tonton akageuka, na suruali yake nayo ikaonekana imelowa nyuma. “Miye mutu muzima, nikojoe mu fauteuil ya batu?”

Ningeweza kunyamaza, na shetani alinishauri hivyo, lakini niliona mzee wangu anajiziba suruali kwa mikono na roho ikaniuma. Nikatupa mito, nikavuta gunia, kamba ikakatika, mtama ukamwagika miguuni mwa wageni ukifuka mvuke, umeshikana mabonge yenye ukungu wa kijani.

“Haiko Tonton,” nikasema. “Iko kimea yangu. Imeoza, na ni miye nimeiozesha. Bon, mucheke.”

Wakacheka! Mama Kavira alicheka mpaka akaegemea ukuta, na alipopata pumzi akasema, “Nilikuambia, Mama Trésor. Acha tulete yetu.”

“Hapana. Leo mutakunywa sukari, soda tu. Ku harusi mutakunywa kasiksi yangu.”

“Na kama inaoza tena?”

“Alors, mutacheka tena. Lakini yenu isivuke hii mulango.”

Mama Kavira akavuta kiti cha plastiki (alikipapasa kwanza), akakaa. “Basi uigeuze, mama. Asubuhi na mangaribi. Na usiifunge.”

Nimemsikia, na sioni haya kusema nimemsikia. Kimea sitakifunga tena guniani, wala sitaficha tena kitu chini ya mtu mzima. Lakini kuletewa, sikubali. Mtama mpya umeota, nimeugeuza kwa mikono yangu hii, na sasa unakauka kwenye mkeka mbele ya lango, kando ya barabara, ambapo kila mpita njia ananiuliza leo Tonton amekaa wapi. Anayetaka kucheka, acheke. Ila asogee kidogo, ananizibia jua.