Rangi Tu, Rangi Moja

Mke wangu Evanthia alitia sufu rangi tangu usichana wake. Sufuria ya shaba, mvuke, mashavu mekundu. Ukimwambia apumzike, atakuuliza sufu itajitia rangi yenyewe?

Ini ndilo lililomuua. Kwenye jeneza alikuwa wa njano mpaka kwenye kucha. Kijiji kizima kilimbusu kumwaga akiwa hivyo, kikarudi nyumbani na sura hiyo.

Ndiyo maana nilitaka picha ya kaburini iwe ya rangi. Nilimpelekea Pandelis, fundi wa Trikala anayechoma picha kwenye kauri. Picha niliyompa ilikuwa ya harusi ya binti yetu, mama mtu ameshika glasi, mashavu yamewaka. Fundi akauliza itokeje. Nikasema, "Mono hroma." Kwa Kigiriki chetu, rangi tu.

Siku mbili kabla ya arobaini, binti yetu Lambrini akauliza nilimwambiaje fundi. Nikamwambia.

"Ulitamka hivyo hivyo, baba?"

"Kama ninavyotamka siku zote."

"Wewe unameza miisho ya maneno. Ukiyameza hayo yanakuwa neno moja, monohromo. Picha ya rangi moja."

Asubuhi nikapanda basi la kwanza, kofia mkononi njia nzima.

"Mzee Stergi," Pandelis akasema, "umeniletea ngano iliyochemshwa ya arobaini kabla ya kumpelekea padri?"

"Picha."

Akaifungua. Kahawia tupu.

"Nilisema rangi tu."

"Ulisema monohromo."

"Mono hroma."

Akayarudia yote mawili chini kwa chini, akajikuna shingo.

"Mzee, ni maneno yale yale. Mono ni tu, ni moja, ni peke yake. Hroma ni rangi. Wagiriki wa kale ndio waliyaunga, wakaita hivyo mchoro wa rangi moja. Mimi nimesikia la kwao."

"Itengeneze."

"Ya rangi zote ni siku kumi. Kila rangi na moto wake."

"Arobaini ni kesho."

"Basi kesho waione hii, au wasione kitu."

Nikaipeleka dirishani. Akaishika upande wa pili isije ikaanguka. Mashavu hayakuwa mekundu. Nikatazama macho. Nikatazama vidole kwenye glasi, kucha moja moja.

"Njano imo humu?"

"Hata chembe."

"Una hakika?"

"Mzee, rangi ni moja. Kahawia nzito na kahawia nyepesi, basi."

"Nifungie," nikamwambia.