Mchezaji Asiyekwenda Kushoto

Nilipomaliza chuo nilirudi Mpanda na shahada na tabia ya kubisha. Shahada baba aliipenda. Tabia ilimsumbua, kwa sababu ana duka la vyombo karibu na soko, na kila mteja aliyesema "watu wanasema" alinikuta nyuma ya kaunta nikimuuliza ni watu gani hao. Redio moja ya hapa mjini ilipotafuta watangazaji, baba ndiye aliyeniletea habari. Alisema huko nitalipwa kwa kuuliza maswali, na yeye atabaki na wateja wake.

Nikapewa kipindi cha michezo cha Jumamosi asubuhi. Baada ya muda mfupi niligundua kwamba wachezaji wote wana jibu moja. Wanamshukuru Mungu, wanafuata maelekezo ya mwalimu, wanawaomba mashabiki waje kwa wingi. Aliyeshinda alisema hivyo na aliyefungwa alisema hivyo hivyo. Nilianza kujiuliza kama kuna haja ya kuwaita studio, au ningerekodi mmoja na kumrudia kila wiki.

Halafu akaja yule wa mpira wa kikapu. Ni mtoto wa Usevya, kule Mpimbwe, na anacheza kikapu cha kulipwa katika timu moja ya nchi jirani. Mkoani kwetu watu wanaoufuatilia mchezo huo ni wachache, lakini yeye kila mtu alimjua, kwa sababu hatujawahi kuwa na mwingine. Alikuwa amerudi likizo wakati wa mavuno ya mpunga. Studio yetu ni chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na mlango wake ni mfupi. Aliinama kuingia, na hata alipokaa aliendelea kuinama kidogo, kama mtu asiyeamini kwamba mlango ameshaupita.

Tulikuwa tunarekodi Alhamisi ili tutangaze Jumamosi. Nilimuuliza siri ya mafanikio yake. Alimshukuru Mungu. Nilimuuliza juu ya timu yake. Anafuata maelekezo ya mwalimu. Nikazima mashine.

"Kaka," nilimwambia, "haya majibu ninayo tayari, nimeshapewa na golikipa mmoja. Niambie kitu ambacho huwezi kukifanya uwanjani."

Alisogeza kiti nyuma. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, "Kushoto."

Niliwasha mashine tena, na akaeleza taratibu, akiwa ameweka mikono yake mikubwa juu ya meza. Akiwa na mpira huenda kulia tu. Kulia ana kasi, ana chenga, anafunga. Akilazimishwa kwenda kushoto mpira humtoka, au husimama na kumpasia mwenzake kama mtu anayetua mzigo. Kwa miaka kadhaa wapinzani hawakutambua. Msimu uliopita walitambua. Mabeki walikuwa wanasimama upande wake wa kulia na kumwachia kushoto kote wazi, kama mlango uliosahauliwa kufungwa, naye hapiti. Mkataba wake unaisha, na viongozi wa timu walimwambia arudi kabla ya msimu kuanza awaonyeshe kwamba amebadilika. Asipobadilika, kuna kijana wanayemwandaa kwa nafasi hiyo hiyo.

Nyumbani hakuna aliyejua. Huko alikuwa anatuma picha nzuri tu.

Nilimuuliza anafanya nini ili abadilike. Alisema mwalimu wake alimwambia mkono wa kushoto ufanye kazi zote za siku: upige mswaki, ufungue milango, ushike kijiko. Nikamuuliza kama hapa nyumbani amekula ugali kwa kushoto.

"Mbele ya mama?" aliuliza. "Dada, wewe ulilelewa wapi?"

Nilicheka, kwa sababu hata mimi kwetu ningefukuzwa kwenye sinia. Lakini nilitaka kujua ugonjwa wenyewe ulianzia wapi, na hapo ndipo aliponieleza habari ya mpunga.

Uwanja aliojifunzia upo parokiani, ni wa sementi, na una goli moja tu. Ukilitazama goli, kulia kwako kuna ukuta wa kanisa, unaotia kivuli upande ule karibu siku nzima. Kushoto kuna jua. Sementi yenye jua wakati wa mavuno ni mali, kwa hiyo akina mama wa pale, mama yake akiwa mmojawapo, huanika mpunga upande wa kushoto, na watoto huachiwa kivuli. Mtoto aliyekanyaga mpunga alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Alisema miguu yake ilijifunza mpaka ule kabla yeye hajajifunza kufunga.

Ilikuwa hadithi nzuri, na kwa kawaida hadithi nzuri ndizo ninazozitilia shaka. Nilimuuliza kama mpunga ulianikwa mwaka mzima. Alisema hapana, ni miezi ya mavuno tu. Nikamuuliza miezi mingine, uwanja ukiwa mtupu, alikuwa anapita wapi.

Akasema hilo hajawahi kujiuliza.

Tulipomaliza alinyanyua simu na kumpigia baba yake mdogo kumweleza alichokisema, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Aliweka sauti ya nje, nami nilijifanya nakunja nyaya. Yule mzee hakugomba. Alisema kwa upole kwamba ugonjwa wa nyumbani hautangazwi sokoni, na kwamba wapinzani nao wana masikio, na kwamba afadhali binti wa redio aombwe aufute ule mkanda. Mchezaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba mdogo," alisema, "wapinzani wameshajua. Ni nyie tu ambao hamjui."

Mzee akauliza, na swali lake nililielewa kuliko maswali yangu yote ya siku ile, kama maana yake ni kwamba kazi inaweza kuisha. Akajibiwa ndiyo. Akasema basi watangaze.

Jumamosi mchezaji alikuja tena studio ili ajibu simu za wasikilizaji baada ya mahojiano. Wa kwanza kupiga alimpa pole kana kwamba kafiwa. Wa pili, kutoka Mwamkulu, alitaka kujua kama kikapu kinalipa kuliko mahindi. Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema anapiga kutoka hapa hapa Mpanda, ana banda la vipuri vya pikipiki, na yeye ni mtoto wa mjomba wa huyo mgeni wangu. Mchezaji alifunika uso kwa kiganja. Watu wenye mabinamu wanajua: binamu ana ruhusa ya kusema ambacho ndugu wa baba mmoja hawezi.

"Mtangazaji, huyo anakudanganya," alisema binamu. "Uwanja huo tulicheza wengi. Mimi nilikuwa napita kushoto. Nakanyaga mpunga, nafunga, halafu nachapwa. Mama yake huyo huyo ndiye aliyenichapa."

Nilimuuliza kwa nini mwenzake hakufanya hivyo.

"Alikuwa mtoto mzuri," alisema, kwa namna ambayo mtu husema fulani alikuwa mwizi. "Hata mpunga ukishaanuliwa, uwanja mweupe, tunamwambia pita, hapiti. Anasema mama atarudi kuanika. Mwezi wa kumi na mbili, mvua inanyesha! Mpaka leo ni mtoto wa mama, tofauti ni kwamba sasa ana viatu vya bei."

Studio nzima ilicheka, na fundi mitambo alilazimika kupunguza sauti zetu. Mchezaji alicheka pia, akiwa ameinamisha kichwa, lakini aliponyanyua uso niliona kwamba neno limemwingia. Alimwomba binamu asikate simu. Alimuuliza kama bado anaweza kucheza. Binamu akajibu kwamba tumbo limeongezeka ila ulimi uko vilevile.

Siku iliyofuata walinichukua kwa gari kwenda Usevya, maana nilikuwa nimesema hewani kwamba ule uwanja nitauamini nikiuona. Tulipita mbugani na vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o. Binamu alimsema mwenzake njia nzima: jinsi alivyokuwa anakunja sare kabla ya kwenda kuoga mtoni, jinsi alivyowahi kumrudishia mwalimu chaki aliyoiokota. Mchezaji aliyapokea yote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikibishana na nafsi yangu. Nilijua kwamba mtu mzima hawezi kuongozwa maisha yote na mpunga wa utotoni. Pia nilijua kwamba hadi leo siwezi kupiga mluzi ndani ya nyumba, na hakuna kitabu nilichosoma chuoni kilichonisaidia.

Misa ilikuwa imeshatoka. Uwanja ulikuwa kama alivyoeleza: goli moja lenye ringi iliyopinda kidogo, ukuta wa kanisa, kivuli, na kushoto mpunga umetandazwa kwenye jua, wa rangi ya mchanga mkavu. Mama yake alikuwa anaugeuza kwa reki. Ni mwanamke mfupi; sijui ule urefu ulitoka wapi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye uliyemuuliza mwanangu habari za mpunga wangu."

Nilikiri. Jirani mmoja alikuwa amesikiliza kipindi na kumpelekea habari yote, hata ile ya mkataba. Mtoto wake alisogea na kuanza kueleza kwa sauti ya chini, sehemu kwa Kipimbwe, sehemu kwa Kiswahili, nadhani akiomba radhi kwa kumtaja redioni. Mama alimkatiza.

"Nilikukataza mpunga," alisema. "Kushoto sikukukataza."



Mama akasimamisha reki, akautazama uwanja wote, kisha akawaita wenzake wawili waliokuwa wameketi penye ngazi za kanisa. Walianza kuukusanya mpunga, wakausogeza taratibu kwa reki na fagio kutoka kwenye jua hadi kulia, chini ya ukuta, penye kivuli. Mwanzoni mchezaji hakuelewa. Alipoelewa aliwahi kumshika mama yake mkono, akamwambia kwamba huko mpunga utachelewa kukauka.

"Utachelewa," mama alisema. "Na wewe umechelewa. Nipishe."

Ilichukua muda, nasi tuliingia tukasaidia, mimi na viatu vyangu mkononi kwa sababu niliambiwa nivue. Walipomaliza, upande wa kulia wote ulikuwa mpunga, na upande wa kushoto ulikuwa sementi tupu yenye joto.

Wakacheza, yeye na binamu. Sijui kama ule niliouona ni mpira wa kikapu wa kulipwa. Binamu, mwenye tumbo na kandambili, alisimama kati yake na goli, na mtu aliyezunguka nchi za watu na mpira mkononi alikuwa anauangusha kama mtoto wa darasa la kwanza. Mpira ulimgonga gotini. Uliingia kwenye mpunga, na kila ulipoingia mguu wake wa kulia ulisita palepale ukingoni, na mama yake aliuchota mpira kwa reki bila kuinua macho. Binamu alimwambia ajaribu pia kuandika jina lake kwa kushoto, huenda akafika darasa la nne. Mchezaji alikuwa ameng'ata ulimi, jasho linatiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amenyooka kabisa.

Nilitaka kumuuliza kama anaona inasaidia. Swali lilikuwa mdomoni. Nililiacha, kwa sababu alikuwa na kazi.

Alibaki Usevya hadi likizo yake ilipoisha. Binamu alifunga banda la vipuri na kubaki naye, na mkewe alinilaumu mimi. Mpunga wa mama ulikauka baada ya mpunga wa majirani wote, nao walimsema kidogo, halafu wakaacha.

Msimu ulipokaribia nilijikuta naangalia simu mara nyingi kuliko inavyompasa mtangazaji asiyeshabikia timu yoyote. Alinipigia mchana mmoja nikiwa dukani kwa baba. Alisema wamembakiza. Mkataba ni wa msimu mmoja, na ataanzia benchi. Yule kijana waliyekuwa wanamwandaa ndiye anayeanza sasa, na ana haki, anakwenda pande zote mbili.

Nilimuuliza kushoto kukoje. Alisema anapita, ila bado anafikiri kabla ya kupita, na beki mzuri anamwona akifikiri. Hilo ndilo analolifanyia kazi.

Nilimuuliza kama kukaa benchi kunamuuma. Mteja alikuwa ananisubiri na bakuli mkononi, nikamwomba anivumilie.

"Kunaniuma sana," alisema. "Jioni nikifika nyumbani sitaki kuongea na mtu. Asubuhi naamka naenda mazoezini, namkuta yule kijana ameshafika, tunaanza."

Nilimuuliza kama naweza kulisema hilo Jumamosi. Alisema niliseme kama lilivyo.