Nilipokuwa Nikichagua Mashine ya Kusagia

Mama yangu alilima kahawa kwa zaidi ya miaka arobaini na hakuwahi kuinywa. Watu wa Nairobi nikiwaambia hivyo hudhani natia chumvi. Kwetu Ukambani, kwenye vilima vinavyolimwa kahawa, kila nyumba hunywa chai, tena ya maziwa mengi, na kahawa huchumwa, hupelekwa kiwandani na kusahauliwa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwomba nionje. Akaniambia, "Hiyo si ya kunywa, mwaitu. Hiyo ni karo yako." Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

Karo ililipwa. Nikasoma, nikapata kazi ya ofisi katikati ya jiji, na huko, kwenye kaunta ya mkahawa mmoja karibu na kazini, ndiko nilikojifunza kunywa espresso. Nikawa mtu wa kuringa. Kwenye mikutano nilikuwa nikikataa kahawa ya unga wa mkebe kwa sura ambayo wenzangu wa ofisini wananiigiza mpaka leo.

Mwaka ambao mama aliletwa kwangu Uthiru, pembeni mwa Nairobi, kutibiwa figo, alikuja na mfuko wa nguo na mkebe wa buni. Kaka yangu alikuwa ameamua kung'oa mibuni yote apande avokado. Kabla ya miti ya mwisho kung'olewa mama alichuma debe moja la kahawa, akaianika mwenyewe kwenye mkeka, akaikoboa kwa kinu, akabaki na hizo punje za kijivu alizoniwekea mezani.

"Karo imeisha," alisema. "Hii nataka kuinywa."

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Sikumbuki akiniomba kitu kingine chochote mwaka huo, hata mto wa kulalia, na mto wangu wa ziada ulikuwa mbovu.

Daktari alikuwa amempimia vinywaji. Chai, uji, supu, vyote vilihesabiwa, na siku ikifika saa kumi alikuwa amebakiza mafunda machache ya maji ya kumezea dawa. Nikamuuliza daktari kuhusu kahawa. Akasita. Nikamwonyesha kwa vidole ukubwa wa kikombe cha espresso. Akacheka, akasema hiyo ndogo nimpe. Kwa hiyo haikuwa maringo yangu tu. Mashine yenyewe ya espresso nilikuwa nayo. Niliinunua kwa familia moja ya mtaa wa Karen iliyokuwa ikihama, ikakaa juu ya kabati mwaka mzima, kwa kuwa mashine yao ya kusagia ilikuwa imeharibika na sikuwa nimetafuta nyingine.

Jumamosi ya kwanza tulikaa sebuleni, uteo katikati yetu, tukachagua. Hili neno lazima nilieleze. Kwetu, kuchagua ni kazi. Kabla ya kupeleka kahawa kiwandani unaimwaga juu ya gunia na kutoa mbichi, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu, moja moja, kwa sababu karani akiona mbichi chache tu anakurudisha nyuma ya foleni na gunia lako. Mtu anayechagua hasemeshwi. Haitwi kula, hatumwi dukani. Baba akiuliza maji ya kuoga tulimjibu, "Mama bado anachagua," naye anaenda kujitekea. Mchana ule mama alichagua kwa saa mbili bila kusema neno, na mimi niliyeacha kazi hiyo tangu sekondari nilikuwa nikikosea, naye akawa anazitoa mbovu zangu bila kunitazama.

Wiki iliyofuata, tukitoka kliniki, nilimpitisha kwenye duka la mashine za kahawa katikati ya jiji, ghorofa ya pili. Alipanda ngazi akipumzika kila kona. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimtafutia kiti, kisha akanigeukia.

"Sasa madam. Uko na machine tayari? Basi hiyo si shida. Shida ni grinder. Watu wanaspend yote kwa machine, alafu wanakuja kulia hapa."

Akanifundisha. Zile za visu hukatakata tu, punje moja kubwa, nyingine vumbi. Ukisaga kubwa, maji yanapita mbio na kahawa inatoka chapwa. Ukisaga laini kupita kiasi, yanakwama na inatoka chungu. Ya espresso lazima iwe na meno, na yale meno uweze kuyasogeza kidogo kidogo sana. Nilikuwa na daftari. Niliandika kila kitu.

Mama wakati huo alikuwa amevuta bakuli la buni za maonyesho karibu naye. Nilipogeuka niliona amejaza kiganja punje zilizovunjika.

"Hizi hazikuchaguliwa," alimwambia yule kijana kwa Kiswahili chake cha pole pole.

Kijana akacheka, akataka kumtengenezea kikombe. Mama akakataa. "Asante. Ya kwanza nitakunywa yangu."

Kabla hatujaondoka alishika mashine moja ndogo ya mkono, ya chuma, akazungusha mpini wake. Ilizunguka vizuri. "Hii inatosha," akasema. Nikamwambia ile itatuchosha mikono, na tena meno yake huenda yakacheza. Akairudisha kwenye rafu. Iko kwenye daftari langu, na mbele yake nimeandika: hapana.

Kama ningeinunua siku ile angekunywa kahawa yake jioni hiyo hiyo. Nimeyafikiria hayo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu, na sijapata njia ya kuyafikiria isiyoniumiza.

Lakini wakati ule nilijiona mtoto mwema. Nilijiambia kwamba mama hatapewa kahawa ya kubahatisha baada ya miaka arobaini. Nilitazama video kwenye simu, za wanaume wanaopima kahawa kwa mizani za duka la dawa. Nilileta mashine moja ya kusagia ya umeme nyumbani nikairudisha siku ya tatu, kwa sababu hatua zake za kusogeza meno zilikuwa chache. Hata buni sikuikaanga, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba ikishakaangwa inaanza kupoteza ladha. Nikaipiga marufuku kabisa. Ikae kwenye mkebe mpaka mashine ifike.

Mama alijaribu mara moja tu. "Tutafute kinu tutwange," alisema, kama angesema tutafute chumvi.

"Mama, espresso haitwangwi," nikamjibu, nikicheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Mwezi wa tatu tangu aje nilipata niliyoitaka, lakini haikuwepo nchini, ikabidi iagizwe. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba hadi viatu vikamkataa, akawa anavaa ndara zangu. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanuka kuungua na madirisha yote yako wazi. Akasema ameunguza sufuria. Nilikuwa nimechoka, nikamgombeza. Nilimwambia siwezi kukaa ofisini nikiwaza kama nyumba inawaka moto, na kwamba kama anataka kitu angoje nirudi. Akasema sawa, mwaitu. Nilimgombeza mama yangu mgonjwa kama mtu anayemgombeza mpangaji.

Alifariki mwezi wa nne, asubuhi, kliniki, nikiwa nimetoka kwenda kumnunulia ndizi. Niliporudi walikuwa wameshavuta pazia.

Tulimzika nyumbani, upande wa chini wa shamba, kati ya miche ya avokado isiyofika magotini. Waombolezaji walikunywa chai. Nilikuwa huko huko, nimeshika birika, simu ikalia. Mtu wa mizigo alikuwa kwenye geti langu Uthiru akiwa na katoni. Nikamwambia amwachie jirani.

Niliporudi niliiweka katoni ile chini ya meza na sikuifungua. Kaka yangu alikuwa amenipa mahindi yaliyobaki ya matanga, na baada ya majuma mawili hivi niliyapeleka kisiagi, pale tunaposagia unga, mwendo wa kama dakika tano kutoka kwangu. Mzee anayekiendesha ananijua kwa miaka mingi. Alizima mtambo ili tusikizane, akajipangusa unga usoni.

"Pole sana kwa mama," alisema. "Alikuwa mtu poa sana. Sijui kama alikuambia, alikuja hapa."

"Kuleta mahindi?"

"Kahawa. Alikuja na kahawa kidogo, amefunga kwa kitambaa. Ameikaanga vizuri hata, ilikuwa inanukia. Akaniomba nimsagie. Sasa mimi nikamwambia, shosho, nikisaga hii, unga ya watu yote itanuka kahawa mpaka wiki ijayo. Singeweza. Alikaa hapo kwa benchi kidogo, miguu ilikuwa imefura sana."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Hakukumbuka vizuri. Ilikuwa ile wiki stima ilipotea Jumatatu, mtaa mzima ukalala gizani, akasema, na mimi nikajua mara moja. Ilikuwa wiki ya sufuria iliyoungua. Hakukuwa na sufuria iliyoungua.

"Nilimwambia, si umwambie msichana wako akununulie hata ile ndogo ya mkono," mzee akaendelea. "Akakataa kabisa. Akaniambia tusimsumbue, bado anachagua."

Alilisema hilo bila uzito wowote, na kwa nini alipe uzito? Kwake lilikuwa neno la kawaida, la mtu aliyekwenda madukani. Akawasha mtambo. Nilisimama pale kelele zikiendelea, nikilia wazi wazi mbele ya wanawake wawili waliokuwa na madebe yao, nao wakanipisha nikae kwenye lile benchi.

Mama yangu alikuwa ameniona kwa miezi minne na daftari langu, nikikubali na kukataa, na akanipa heshima aliyowapa watu wazima wanaofanya kazi ya maana. Hakunisemesha. Alitembea mwenyewe hadi kisiagi kwa ndara zangu, akatembea tena kurudi, akafungua madirisha, akasubiri nije nimgombeze.

Nilipofika nyumbani niliweka unga jikoni na kushusha mkebe. Sikuwa nimeufungua tangu ile Jumamosi ya uteo. Juu ya zile punje za kijivu kulikuwa na kitambaa chake cha kichwa cha kila siku, kimefungwa fundo. Ndani mlikuwa na viganja viwili vya buni iliyokaangwa, ya rangi ya udongo wa kwetu mvua ikinyesha, punje zote zimeiva sawasawa. Nilinusa. Harufu ilikuwa karibu imekwisha.

Nikazimwaga mezani, nikaanza kutafuta mbovu, moja moja, vile alivyonifundisha. Nilizipitia zote mara mbili. Hakukuwa na hata moja ya kutoa.