Jedwali la Nyumba

Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu wakati huo, na sioni sababu ya kukificha leo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nilikuwa nimepanga chumba katika kijiji cha Raila, na katika sehemu ile yote ya Kibera sikuwa nimesikia habari za msichana mwingine anayeandika programu za kompyuta. Wavulana waliojua kuchapa barua walijiita wataalamu. Mimi niliwaacha wajiite.

Programu niliyojivunia zaidi niliiandikia chama chetu cha mazishi. Watu wetu waliotoka magharibi, maseremala, wauza samaki, vibarua wa mjengo, walichanga kila mwezi ili mmoja wao akifia Nairobi chama kinunue sanduku, kikodi gari na kumrudisha kwao. Mtu angeweza kukaa kwenye chumba cha mabati maisha yake yote bila kulalamika, lakini kuzikwa mjini hakutaka hata kusikia. Alitaka kulazwa kwenye boma lake, kati ya watu wake. Mimi pia nilikuwa mwanachama na nilitaka hivyo hivyo.

Ofisi ilikuwa chumba nyuma ya duka moja katika mtaa wa Olympic, hapo hapo Kibera, kwa sababu stima ya Olympic ilikuwa ya kutegemewa kuliko ya kwetu. Mwenyekiti alikuwa seremala mwenye karakana Makina, mpole wa sauti na mgumu wa kubadili uamuzi. Mezani kulikuwa na kompyuta tuliyopewa na ofisi fulani ya mjini ilipobadilisha zake, na ndani yake programu yangu: dirisha moja, jina la mwanachama juu, michango yake katikati, na chini mahali pa kujaza tarehe ya kifo. Ukishajaza tarehe hiyo programu ililifunga jina. Mtu amezikwa, mambo yake na chama yamekwisha. Niliona ni kazi safi kabisa.

Kisha tukaamua kuungana na chama cha Kawangware. Sababu ilikuwa wazi: watu walihamahama. Fundi akipata kazi upande wa Kawangware alienda na familia yake, na akifia huko vyama viwili vinaanza kusukumana juu ya nani amsafirishe. Wa Kawangware nao walikuwa na kompyuta, chumbani kwa mama mmoja mwenye ploti. Huyo alikuwa mwenyeji wa palepale. Vyumba alivyopangisha vilisimama kwenye shamba la baba yake, kwa hiyo hakuhitaji kusafirishwa popote. Aliwapa stima, na akawatania kwamba wanalipia safari ambayo njia yake hawataiona.

Hifadhidata yao ilitengenezwa na mtu mwingine kwa mtindo wake. Mimi nilikuwa na jedwali moja, wao walikuwa na matatu, na hakuna safu yao hata moja iliyokuwa na jina kama la kwangu. Mwenyekiti alidhani itabidi tuchape kila kitu upya. Nikamwambia aniachie.

Mwenzangu mmoja wa mjini alikuwa amenipa disketi yenye plagini, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu nyingine ili kuiongezea uwezo. Kazi ya hiyo ilikuwa kutafsiri. Unaiandikia faili la ulinganisho: kile ninachokiita jina kwenye dirisha langu, kwa Kibera kiko kwenye safu hii, kwa Kawangware kiko kwenye safu ile. Basi programu yangu ikitaka kitu, plagini inatunga swali kwa SQL, ambayo ndiyo lugha ya kuulizia hifadhidata, inauliza kila upande kwa namna upande huo unavyoelewa, na kurudi na jibu moja. Hakuna aliyelazimika kupangua mpango wake. Niliipenda adabu hiyo.

Nikaenda Kawangware kwa miguu, nikanakili hifadhidata yao kwenye disketi, nikarudi Olympic na kuketi nayo. Haikunipa raha. Wao waliandika mwezi mbele ya siku, na plagini ikawa inazikataa tarehe zao nusu nzima, hadi nikaifundisha. Jumamosi moja mchana nikabonyeza, majina ya Kawangware yakaja na kujipanga kati ya yale ya Kibera kama watu waliojiandikisha siku moja. Nilijipigia makofi. Mtu asikudanganye kwamba kazi kama hiyo haina furaha yake.

Tukachapa majina yote na kuyabandika pande zote mbili, tukatangaza kwamba mkutano mkuu utayapitisha. Ambaye hatakuwemo baada ya hapo si mwanachama.

Haikupita wiki, mama mmoja mzee akaingia ofisini. Alikuwa muuza sukuma wiki wa Kawangware na alikuja kwa miguu, viatu vyote vumbi, anahema huku ameshika kifua. Mwenyekiti alimpisha kiti lakini hakukikalia. Aliuliza mtu wa kompyuta ni nani, nikasema ni mimi.

"Nimekuja kuuliza nani atanipeleka nyumbani," akasema. "Wamesoma hiyo karatasi, wanasema mimi siko."

Nilimuuliza ameandikwa kwa jina gani, akanitajia la mumewe. Nikalitafuta, likatokea, likiwa limefungwa, ndiyo maana halikuchapwa. Mume alikuwa amefariki miaka mingi nyuma na chama cha Kawangware kilimzika. Lakini michango yake ilikuwa imeendelea mwezi baada ya mwezi hadi mwezi ule ule tuliokuwamo. Sikuwahi kuona mwanachama aliye hai mwenye bidii kama ya yule marehemu.

Nilielewa papo hapo, maana kwetu ni hivyo. Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, na hata leo mama yangu ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mke wake. Mke anabaki katika nyumba ya mumewe, analima shamba lake, anahesabiwa kwa jina lake, na siku yake ikifika analazwa kando yake. Upande wa Kibera tulikuwa na desturi ya kuwaandika wajane upya. Kawangware waliwaacha waendelee kuchanga kwa majina ya waume zao, na hakuna aliyeona ajabu, ila programu yangu. Nilipotazama zaidi nikakuta wajane wengine waliopotea kwa njia hiyo hiyo.

Mwenyekiti alikuwa na jibu jepesi. "Kompyuta imekataa, mama," akasema. "Wacha tukuandike upya, wewe kama wewe. Utangoja kidogo kama members wengine wapya, halafu uko ndani."

Alivyokuwa akihema, kila mtu mle ndani aliweza kuona kwamba hana muda wa kungojangoja. Lakini si kungoja kulikomuudhi.

"Mkiniandika mimi peke yangu, mimi nimetoka nyumba ya nani?" akauliza. "Mtanipeleka kwa baba yangu? Huko mimi ni mgeni. Bwana yangu ako kwake, na mahali yangu iko hapo kando."

Hasira zikanipanda, si juu ya mama. "Mzee, kompyuta haijakataa kitu," nikamwambia mwenyekiti. "Ni sisi tumeiambia ikatae. Nipe mpaka mkutano, nitaiambia ingine."

Mama alipoondoka mwenyekiti alifunga mlango na kuniambia lililomsumbua. Jina moja likiruhusiwa kufa mara mbili, alisema, halitaishia hapo. Watu wataleta binamu, wataleta shemeji, wataleta mpangaji wa shemeji, na siku chama kitakapokauka atakayelala bila kusafirishwa ni yule aliyechanga kwa uaminifu. Alikuwa amesema kweli, na mtu akisema kweli wakati umemkasirikia anakukasirisha mara mbili.

Jibu nililipata nikitembea kurudi Raila, nikiruka mitaro. Anayechanga si mtu, ni nyumba. Anayekufa ndiye mtu. Programu yangu ilikuwa imevifanya vitu viwili kuwa kimoja, basi kifo cha mmoja kikawa kinaifunga nyumba nzima na mke yumo ndani. Nilihitaji jedwali la nyumba, lenye michango na mahali pa kupelekwa, na jedwali la watu, kila mtu akiwa na nyumba yake na tarehe yake mwenyewe. Nyumba itawataja watu wake mapema mbele ya kamati, na hakuna atakayeongezwa akiwa tayari kitandani. Hapo mlango wa wapangaji wa mashemeji ulikuwa umefungwa.

Habari njema ni kwamba Kawangware walikuwa tayari na nilichokitaka. Jedwali lao la tatu, ambalo programu yangu haikuwa na pa kuliweka, lilikuwa la wake na watoto. Mama yule alikuwemo muda wote. Ilibaki kuandika upya faili la ulinganisho, michango ielekee kwenye nyumba na kifo kielekee kwa mtu. Mara ya kwanza nilisahau kuieleza plagini mke yupi ni wa nyumba ipi, nayo bila aibu ikamwoza kila mke kwa wanaume wote wa Kawangware. Nilicheka hadi mwenye duka akaja kuchungulia. Nikaongeza mstari uliokosekana, ndoa zote zikarudi mahali pake.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, umejaa hadi madirishani. Nilieleza mpango wangu bila kutetemeka, nikitumia nyumba yangu mwenyewe kama mfano: baba ana tarehe, mama hana, nyumba iko wazi. Kijana mmoja fundi wa viatu akasimama kupinga marehemu kuachwa kwenye orodha.

"Sasa buda amededi kitambo na bado ako kwa list? Hiyo si ni noma?"

Nilifungua mdomo kumjibu, lakini mwenyekiti alinitangulia. Sikujua angesema nini. Tangu siku ile ofisini hakuwa ameniambia kama amekubali au la.

"Mathe yako ako nyumba ya nani?" akamuuliza juu ya mama yake.

Kijana alitazama chini, akakaa. Mwenyekiti akaomba mikono, ikainuka mingi kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuihesabu. Nilifurahi, na nikamwonea mwenyekiti fahari kama mtu wa kwetu.

Mama yule wa sukuma wiki alitaka kujionea mwenyewe. Baada ya mkutano nilimpeleka ofisini, nikamfungulia dirisha la nyumba yao. Mumewe juu na tarehe yake, yeye chini, na mbele ya jina lake nafasi tupu. Nikamsomea. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya ile nafasi, akauliza kama ni yake. Nikamwambia ni yake, mama, na hakuna atakayeigusa kabla ya wakati. Safari hii alikalia kiti, akanywa chai yangu yote na kunipa ushauri mrefu kuhusu kuolewa ambao sikuufuata.

Alifariki masika yalipoanza. Nilijaza tarehe yake mwenyewe, machozi yakinitoka, na nyumba ikabaki wazi kwa ajili ya wanawe. Chama kilikodi gari, mwenyekiti akatengeneza sanduku kwa mikono yake, nami nikaenda kwa niaba ya ofisi. Tulifika asubuhi, boma limejaa watu. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la mumewe, karibu sana, kiasi kwamba wachimbaji walilazimika kusogeza mawe yaliyolizunguka lile la zamani.

Shemeji yake, mzee mwenye fimbo, alikuwa akiwaita jamaa mmoja mmoja waje watie udongo. Aliponifikia akanitazama usoni, hakunitambua, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu.

"Mimi ndiye nilimwandika," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, kisha akaweka fimbo pembeni, akanishika mkono na kunisogeza mbele pamoja na binti za marehemu.