Katibu Aliyeungama Mkutanoni

Bedan Mbuthia alikuwa seremala, tena wa wale wanaokataa kupiga msumari pale ambapo kiungo kizuri cha mbao kinatosha. Karakana yake ilikuwa Gikomba, upande wa mtoni. Nyumba yake ilikuwa Maringo, vyumba viwili vya Baraza la Jiji, ambamo aliishi na mkewe Lydiah na binti yao Warigia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimtaka Jumapili asubuhi ungempata kanisani, mzee wa kanisa, tai imembana shingo. Ukimtaka Jumapili alasiri ungempata kwenye ukumbi wa mtaa, katibu wa tawi la Chama, tai ni ile ile. Wachokozi wa mtaa walisema Mzee Bedan habadilishi nguo kwa sababu kwake ni ibada moja yenye mapumziko ya chakula.

Hawakukosea sana. Kadi yake ya Chama aliiweka ndani ya Biblia, katika kitabu cha Isaya, pale mbwa mwitu anapokaa pamoja na mwanakondoo. Alipokuandikisha uanachama hakukusukumia kadi kama karani wa posta. Alisimama, akakuuliza kama umeamua kwa moyo wako mwenyewe, kisha akakukabidhi kwa mikono miwili. Halafu ungepata hotuba, na hotuba yake ilikuwa moja tu tangu bendera ipandishwe: inakuja Kenya isiyo na kabila wala tajiri wa kumkanyaga maskini, kila mtoto yuko darasani na kila nyumba ina maji. Machozi yalimlengalenga kila alipofika penye watoto. Tumcheke kwa mengine, lakini si kwa hilo, maana aliliamini kweli.

Lydiah ndiye aliyekuwa na maswali.

"Baba Warigia, hiyo mbingu yenu ikifika, mwiambie ianze na mfereji wetu. Leo ni siku ya nne."

"Mambo ya imani yanataka subira, mama."

"Subira ninayo. Maji ndiyo sina," akasema Lydiah, akachukua ndoo akaenda zake.

Kabla ya Chama kumkolea hivyo, Bedan alikuwa mtu wa wokovu. Nasema wokovu ule wa ndugu wanaokutana nyumba kwa nyumba, ambao mtu husimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Kama uliiba, unasema uliiba nini, na unakirudisha. Yeye mwenyewe aliwahi kumrudishia mwajiri wake wa zamani randa aliyokuwa ameiiba miaka sita nyuma, na mwajiri akabaki ameishika mkononi. Ukishaungama, ndugu huanza kuimba, wanakukumbatia mmoja mmoja, na unarudi kukaa umekuwa mwepesi. Bedan aliyaona hayo kwa macho yake mara nyingi. Alijua kwamba ukweli ukisemwa mbele ya watu, wimbo hufuata, kama alivyojua kwamba mvule ni mgumu.

Wokovu huo ndio uliompa uti wa mgongo mwaka wa sitini na tisa, walipomjia watu kumtaka ale kiapo cha kabila. Alikataa. Walimpiga hadi jino likatoka, naye akaendelea kukataa, akisema ameshajitoa kwa Bwana mmoja na hana nafasi ya wa pili. Kiapo kilichokuja na rungu alikitambua mara moja. Hiki cha pili kilikuja na beji, hotuba tamu na picha kubwa ya Rais ukutani, kikaingia sebuleni kikakaribishwa chai.

Basi ukaja mwaka wa themanini na nane na kura ya mlolongo. Siku hizo tawi lilikuwa likichagua mwenyekiti. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea alisimama uwanjani na wafuasi wake wakapanga mstari nyuma yake, mchana kweupe, kila jirani akimwona jirani yake amesimama wapi. Katibu alipita akihesabu vichwa, na kazi hiyo ilikuwa ya Bedan.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Rispa Nangila, mjane aliyeuza chai, maharagwe na chapati kwenye kibanda karibu na lango la mtaa. Huyo ndiye aliyekwenda kukaa siku tatu mlangoni pa ofisi ya Baraza, na sufuria yake, mpaka wakatuma watu kuzibua mtaro wa maji machafu. Wa pili ni Irungu, mkandarasi mwenye lori mbili na sauti ya kutosha lori tatu. Kinamama wa vibanda walimtaka Nangila kwa sababu walijua Irungu analitamani eneo lile la langoni, na mwenyekiti wa tawi ndiye aliyekuwa akiamua nani akae pale na nani aondoke.

Mstari wa Nangila uliuzunguka uwanja ukafika karibu na barabara. Wa Irungu uliishia golini. Bedan alihesabu polepole, kama anavyopima mbao, mara mbili kabla ya kukata. Nyuma ya Nangila mia mbili na kumi na wanne. Nyuma ya Irungu tisini na sita. Akaandika, akapiga mstari chini.

Alipokuwa akielekea kwenye meza ya kutangazia, mjumbe aliyetumwa kutoka ngazi ya juu, bwana mwenye suti ya kijivu, alimshika mkono kwa upole.

"Katibu, wewe unakiamini Chama?"

"Naamini, mheshimiwa."

"Chama kimeshamwona mwenyekiti. Ni Irungu."

"Lakini watu, mheshimiwa, watu wamesimama..."

"Watu huona leo. Chama huona mbali. Unaamini au huamini?"

Angemtisha, Bedan angekataa. Vitisho alivizoea. Lakini mtu yule aliongea kama kasisi, na Bedan alikuwa amewaambia watu kwa miaka ishirini na mitano kwamba Chama kinaona mbali. Akapanda juu ya meza. Hesabu alizisoma kama zilivyo, ila majina aliyabadilisha nafasi. Mia mbili na kumi na wanne, Irungu.

Uwanja ulicheka kwanza, kwa kudhani mzee amechanganyikiwa. Kisha ukanyamaza, kwa sababu vijana wa Chama walianza kupita katikati ya watu. Nangila alimtazama Bedan. Alikaza leso yake kiunoni akaenda kuangalia maharagwe yasiungue.

Wiki ya tatu vibanda vya langoni vilivunjwa, na lori za Irungu zikamwaga mchanga mahali pale. Nangila alihamia Gikomba, akapata pembe moja kati ya wauza mitumba na mafundi wa masanduku ya bati. Kila asubuhi alipita mbele ya karakana ya Bedan, sufuria kichwani, jiko mkononi. Hakumsalimia, wala hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Seremala akiwa na jambo moyoni, mbao humjua. Droo zake zilianza kugoma kufunga. Kitanda cha harusi kilirudishwa kwa sababu kilicheza. Lydiah aliiona hali yake, akamwambia wazi, "Baba Warigia, wewe una dhambi. Nimeishi nawe ukiwa nayo na ukiwa huna, naijua tofauti."

Bedan akaenda Makadara kwa Matheka, mfanyakazi wa reli aliyekuwa kiongozi wa ndugu, ambaye alikuwa hajamtembelea kwa muda mrefu kwa sababu ya shughuli za Chama. Akamweleza yote. Matheka alimsikiliza hadi mwisho.

"Ndugu, usiiungame kwangu," akasema. "Irudishe ulikoitoa."

Hapo ndipo Bedan alipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu kama yeye tu. Alifikiri dhambi ameitoa kwenye Chama. Basi ataipeleka kwenye Chama.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Irungu alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, na nyuma yake ile picha kubwa. Nangila naye alikuwepo, safu ya tatu, maana asiyehudhuria mkutano angeweza kukosa hata hiyo pembe ya Gikomba. Ajenda ilipofika kwenye mengineyo, Bedan alisimama. Alijua anachokiweka mezani. Chama kilikuwa nusu ya maisha yake, na ile nusu nyingine ilikuwa imekosa usingizi kwa sababu yake.

"Bwana asifiwe," akaanza.

Wachache wakajibu "Asifiwe," kwa mazoea, kisha wakatazamana.

"Wanachama wenzangu, mimi katibu wenu nimekitendea Chama dhambi." Aliyasema hayo akiikabili ile picha ukutani, mikono imeunganishwa. "Siku ya kura nilisema uongo. Mia mbili na kumi na wanne walikuwa wa Mama Nangila. Tisini na sita walikuwa wa Bwana Irungu. Niliyageuza majina. Nimekivunjia Chama heshima. Naomba Chama kinisamehe, na hesabu zirudishwe mahali pake."

Kisha akangoja wimbo.

Masikini Bedan, alingoja kweli. Alifumba macho kabisa, kama walivyokuwa wakifanya kwa Matheka, na mabega aliyalegeza tayari kukumbatiwa. Nyuma kabisa bibi mmoja aliitikia "Amina," akajifunika mdomo kwa kanga. Mtu akakohoa. Bedan alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akimtazama. Kila mtu ukumbini alikuwa anasoma viatu vyake mwenyewe.

Irungu ndiye aliyesema. "Mzee wetu ni mgonjwa. Tutafunga mkutano tumwache apumzike."

Haikupita wiki, barua ikafika. Bedan Mbuthia amefukuzwa kwa kuchafua jina la Chama. Vijana wawili walioileta walisimama mlangoni, wamekunja mikono.

"Buda, tumekujia kadi na beji."

Bedan alifungua Biblia akaitoa kadi. Ilikuwa imekaa mle muda mrefu hata ukurasa ulikuwa umepauka umbo lake. Akawakabidhi kwa mikono miwili, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuishika. Kijana aliipokea kwa vidole viwili akaitia mfuko wa nyuma.

Siku hiyo Bedan alilia. Lydiah hakumwambia neno la Chama wala la mfereji. Alimwekea uji, akakaa karibu naye mpaka ukapoa.

Kesho yake alirudi Makadara akiwa na hasira, na hasira yenyewe alikuwa nayo juu ya Matheka.

"Uliniambia niirudishe. Nimeirudisha. Hawakuimba. Wamenitupa nje kama takataka za randa."

"Uliungama vipi?"

Bedan akarudia maneno yake yote, neno kwa neno, kwa maana aliyakariri siku nyingi.

"Ulikitendea Chama dhambi," Matheka akasema taratibu. "Sasa nieleze, Chama kilipoteza nini siku ile?"

Bedan akaanza kuhesabu kichwani. Kilitaka Irungu, kikampata. Kilitaka uwanja, kikaupata. Alitafuta hasara ya Chama kama mtu anayetafuta ufunguo katika koti ambalo hajavaa siku hiyo, asiione. Akainuka bila kunywa chai, akashika njia ya Gikomba kwa miguu.

Alimkuta Nangila akiwapakulia mafundi wa bati. Moshi wa jiko, nyundo zinagonga kila upande, wapiga bei wa mitumba wanaita. Bedan alifika mbele yake akaanza kupiga magoti.

"Simama, fundi," Nangila akasema. "Unanizibia wateja."

Akasimama. Kofia ilikuwa mkononi.

"Mama Nangila, nimekuja..."

"Najua ulichokuja nacho. Nilikisikia ukumbini." Aliweka mwiko chini. "Siku ile uliposimama, moyo wangu ulipiga. Nikasema, leo huyu mzee atageuka anitazame. Nilikuwa safu ya tatu, Bedan. Si mbali. Wewe ukaiomba picha msamaha."

Bedan alihisi uso ukimwaka. Kwa miezi alidhani amebeba dhambi nzito, na kumbe hata kuibeba hakujua. Alikuwa ameitua miguuni pa mungu mwingine, huku mtu aliyekosewa ameketi hatua nne kutoka kwake.

"Wewe ndiye niliyekuibia," akasema. "Si Chama. Wewe, na wale waliosimama juani nyuma yako. Nilihesabu vizuri, nikakuibia nikiwa naona. Kibanda chako kilivunjwa kwa mdomo wangu. Nisamehe, Mama Nangila."

Safari hii hakufumba macho. Alimtazama, na kumtazama kulikuwa kazi ngumu kuliko kupigwa kule kwa mwaka wa sitini na tisa.

Fundi mmoja alinyoosha sahani akitaka kuongezwa. Nangila alimwongezea maharagwe, akafuta mikono kwenye leso, hana haraka. Bedan akangoja. Nyundo ziliendelea kugonga, na hakuna mtu Gikomba nzima aliyeonyesha dalili ya kuimba.

"Nimekusikia," Nangila akasema.

Bedan alisimama kidogo zaidi, akitumaini kuna neno jingine linakuja nyuma ya hilo. Halikuja. Nangila alikuwa ameshageuka kukoleza moto. Bedan akavaa kofia, akasema asante, akaenda kufungua karakana.